Kabla Hujaketi

Vua viatu mlangoni, Delmar. Theluji ya Duluth
haina adabu, huingia nawe hadi jikoni.
Koti litundike juu ya lile la Orrin,
lenye harufu ya dizeli na samaki wa moshi.
Pesa yako iweke mezani ionekane:
dola ishirini, si zaidi, na ukifilisika
usimgeukie mchumba wako kwa jicho la kuomba.
Hapa hatukopeshani. Kuna kahawa. Kuna mlango.

Kiti cha dirishani ni cha Bernice.
Hajafa; yuko Arizona kwa bintiye hadi Aprili,
lakini hakikaliwi.

Karata zikigawiwa, ngoja ya mwisho itue
ndipo uguse zako. Inua pembe tu, kwa kidole gumba,
kama anayechungulia mtoto kama amelala.
Zamu yako ikifika, cheza.
Fikiri, sikukatazi, ila usifikiri
kama mtu anayenunua nyumba.
Dau lenyewe ni senti ishirini na tano.

Chipu zisukume zote kwa mara moja.
Usizirushe zikatawanyika kama mahindi ya kuku,
wala usiongeze nyingine baada ya kunisoma uso.
Ukisema "naongeza," umeongeza.
Neno mezani ni mate: likishatemwa halimezwi.

Ukikunja, kunja kimya. Usigune,
usijipige paji la uso ghulamu anapofunuliwa;
wenzako bado wanapigana,
na mguno wako ni barua iliyofunguliwa.

Aliyeshindwa usimfundishe. Hakuuliza.
Mwaka juzi Curtis, fundi breki wa treni za madini,
alimweleza Lempi hatua kwa hatua alipokosea.
Lempi alisikiliza hadi nukta ya mwisho,
akafunika sufuria ya supu aliyokuja nayo,
akarudi nayo kwake.
Sote tulilala njaa kwa mdomo wa mmoja.

Na ukijua umeshinda, funua upesi.
Usimwache mzee anyooshe mikono akumbatie kitita
ndipo uwashushe malkia wako mmoja mmoja, ukitabasamu.
Huo si ushindi.
Huo ni kumvua mtu suruali kanisani.

Hayo yote yameandikwa, yamebandikwa kwenye friji.
Hili halikuandikwa.

Taa hii ya juu ya meza,
Orrin akiinamisha kichwa hivi,
humulika karata zake hadi kwenye miwani yake.
Kopa utaiona ilivyo nyekundu. Ree utaitambua.
Mwambie. Kabla hujaweka hata senti, mwambie.

Mimi sikumwambia.
Ulikuwa mwaka ambao tanuri la nyumba lilikufa Desemba,
na fundi alitaka malipo kwanza.
Majira yote ya baridi nilicheza nikiangalia vioo viwili vidogo.
Dola arobaini na moja na nusu; nilizihesabu.
Nikajiambia macho hayana pazia.
Macho yana kope, Delmar.

Kisha nikajaribu kuzirudisha kwa ujanja:
nikikunja wafalme wawili mbele ya dau lake la uongo,
naye akicheka, akipanga chipu zake kama mnara.
Nilidhani nalipa. Kumbe nilikuwa namwibia mara ya pili,
safari hii mchezo wenyewe.

Machi, usiku barafu ya ziwani ilipoanza kupasuka,
nilimwambia, sahani chafu mkononi.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.
Akavaa koti, akaenda.

Alhamisi iliyofuata akaja na kofia ya ukingo mpana,
akaketi palepale, chini ya taa ileile.
"Gawa," akasema.

Miaka sita sasa. Hata Julai haivui.

Basi nawa mikono, karata ni mpya, nimezinunua jana.
Na habari ya kofia
usimuulize.